Mabao Manane: Kupanda na Kuporomoka kwa JKT Kanembwa

Katikati ya Februari 2016, Ligi Daraja la Kwanza ya Tanzania Bara ilifika siku yake ya mwisho, na katika Kundi C nafasi ya kupanda Ligi Kuu ilikuwa moja tu. Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zimebanana kileleni kiasi kwamba mshindi angepatikana kwa kuhesabu mabao. Filimbi ya mwisho ilipolia, Geita Gold ilikuwa imeifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora nayo ilikuwa imeifunga JKT Oljoro 7-0. Mabao kumi na tano katika mechi mbili, wala halikupatikana hata moja la kufutia machozi.

Wapenzi wa soka walishika tama. Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, likafungua uchunguzi, na Aprili mwaka huohuo kamati yake ya nidhamu ikatoa hukumu kwamba matokeo yale yalipangwa. Geita Gold, Polisi Tabora na JKT Oljoro zikashushwa hadi Daraja la Pili. JKT Kanembwa, iliyokuwa imemaliza ligi ikiwa mkiani, ikasukumwa chini zaidi, hadi ligi ya mkoa. Wapo wachezaji, waamuzi na viongozi waliofungiwa kushiriki soka kwa muda mrefu. Tiketi ya Ligi Kuu ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, timu ambayo siku ile haikuwa hata kwenye hesabu.

Magazeti ya wakati ule yalijishughulisha zaidi na Geita na Tabora, maana ndizo zilizokuwa zikigombea nafasi. Kanembwa ilitajwa kama timu iliyofungwa nane, basi. Lakini kwa watu wa Kakonko, Kibondo na Kasulu, timu hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko idadi ya mabao iliyofungwa. Ilikuwa klabu ya nyanda za juu za Kigoma iliyofika hatua moja tu chini ya Ligi Kuu, na kuporomoka kwake kunaeleza mengi kuhusu maisha ya klabu za mikoani Tanzania.

Kanembwa ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, kikosi namba 824 KJ, katika wilaya ya Kakonko. Hadi mwaka 2012 Kakonko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kibondo, kwa hiyo kwenye ramani ya zamani hii ni timu ya Kibondo. Nje ya Tanzania jina hilo lilisikika kwa sababu nyingine kabisa. Baada ya vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993, Kanembwa ilikuwa mojawapo ya kambi za wakimbizi za Kibondo, pamoja na Mtendeli, Nduta na Karago. Upande wa Kasulu zilikuwepo Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu, ambayo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na leo eneo hilo nalo ni kambi ya JKT. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena, Nyarugusu ilifurika, Nduta ikafunguliwa upya, na Mtendeli ikafuata mwanzoni mwa 2016, wakati uleule Kanembwa ikimalizia msimu wake wa aibu.

Soka la ukanda huu limekulia humo: kwenye viwanja vya shule, kwenye mashindano ya ndondo ambayo mshindi hupewa mbuzi au ng'ombe, na kwenye vumbi la kambi. Mtoto mmoja mwenye asili ya Burundi, Nestory Irankunda, alizaliwa kambini mkoani Kigoma Februari 2006. Familia yake ilihamishiwa Australia akiwa mchanga, akakulia kwenye klabu ya Adelaide United, kisha akasajiliwa na Bayern Munich ya Ujerumani na kuichezea timu ya taifa ya Australia. Hakuna anayeweza kusema angefika wapi kama angebaki. Kinachojulikana ni kwamba mvulana wa rika lake aliyebaki Kibondo au Kasulu, kwa miaka michache, alikuwa na klabu moja ya jirani yenye njia ya kweli ya kumpeleka Ligi Kuu. Klabu hiyo ni Kanembwa.

Inafaa kueleza kwa nini iwe timu ya jeshi. JKT ilianzishwa Julai 10, 1963, na kambi zake zimetapakaa nchi nzima, nyingi zikiwa mbali na miji mikubwa. Kambi huwa na vijana, uwanja, jiko, gari na nidhamu ya kuamka alfajiri. Klabu ya kiraia ya wilayani huhangaika mwaka mzima kutafuta vitu hivyo vitano. Ndiyo sababu orodha ya timu za Tanzania imejaa majina ya kambi: JKT Ruvu ambayo baadaye ikawa JKT Tanzania, Mgambo JKT ya Tanga, JKT Mlale ya Songea, JKT Oljoro ya Arusha, Ruvu Shooting ya Pwani. Mchezaji hana haja ya kuuliza atakula nini jioni. Akionekana anafaa, anaweza hata kupata ajira jeshini, na kwa kijana wa Kakonko hilo lina uzito kuliko mkataba wa klabu ambayo mishahara yake hulipwa kwa kuruka miezi.

Msimu wa 2012/13 Kanembwa ilikuwa Daraja la Kwanza, kundi moja na Pamba ya Mwanza, Mwadui ya Shinyanga, Rhino Rangers ya Tabora, Morani ya Manyara na timu tatu za Polisi, za Dodoma, Mara na Tabora. Tazama majina hayo vizuri. Pamba imewahi kuwa miongoni mwa vigogo wa soka la nchi hii, na Mwadui ina mgodi wa almasi nyuma yake. Timu ya kambi iliyo karibu na mpaka wa Burundi ilikuwa ikikaa meza moja na hao. Nafasi ya kupanda ilichukuliwa na Rhino Rangers, nayo ni timu ya jeshi. Rhino ilidumu Ligi Kuu msimu mmoja tu, ikashuka mwaka 2014 pamoja na JKT Oljoro na Ashanti United. Miaka miwili baadaye Rhino na Oljoro zote zilijikuta Kundi C na Kanembwa, zikianza upya.

Tatizo la Kanembwa lilikuwa wazi kwa yeyote aliyeishi Kibondo: mechi zake za nyumbani hazikuchezwa nyumbani. Uwanja uliokubalika kwa ligi ya kitaifa ulikuwa Lake Tanganyika, Kigoma mjini, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kakonko. Barabara ya Nyakanazi, Kibondo, Kasulu hadi Kigoma kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope masika. Shabiki wa Kibondo aliyetaka kuiona timu yake ilimbidi apoteze siku ya kwenda na siku ya kurudi, alipe nauli na malazi, ili atazame dakika tisini za Daraja la Kwanza. Wa Kasulu alikuwa na nafuu, lakini naye ilimpasa asafiri saa kadhaa. Kigoma mjini kwenyewe wapenzi wa mpira walikuwa na timu zao za mtaani, pamoja na mapenzi yao ya Simba na Yanga. Ikawa timu ya watu wa juu inacheza mbele ya watu wa ziwani ambao hawakuwa na deni nayo.

Klabu inayocheza mbali na watu wake haipati fedha za mlangoni, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba haipati macho. Mchezaji anayejua kwamba fundi baiskeli wa Kakonko, mwalimu wake wa darasa la saba na mama mkwe wake wako jukwaani, hawezi kukubali kirahisi bao la tano, sembuse la nane. Macho ya watu wa nyumbani ni ulinzi ambao kamati ya nidhamu haiwezi kuununua kwa faini. Kanembwa ilikosa ulinzi huo tangu mwanzo.

Kigoma imewahi kuwa na klabu zenye jina kabla ya hapo. Wazee wa Ujiji na Mwanga hutaja RTC Kigoma na Reli. Herufi za RTC zilikuwa za kampuni ya biashara ya mkoa, shirika la umma lililosambaza sukari, sabuni na khanga enzi za Ujamaa, na kila mkoa ulikuwa na yake. Kwa kuwa kampuni ilikuwa na malori, wafanyakazi na fungu la michezo, ilikuwa na timu. Reli nao walikuwa na karakana, mabehewa na wafanyakazi kila kituo kikubwa tangu njia ya reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Mwanza ilikuwa na RTC yake, na Kagera pia. Pamba ilisimama juu ya zao la pamba, na Ushirika ya Moshi juu ya vyama vya wakulima.

Mashirika ya umma yalipofilisika na kubinafsishwa katika miaka ya 1980 na 1990, timu hizo zilianguka pamoja nayo, moja baada ya nyingine. Hazikushindwa uwanjani kwanza. Zilishindwa ofisini, siku mhasibu aliposema hakuna fungu la michezo mwaka huu. Pamba ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka ishirini, ikarudi msimu wa 2024/25 kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Tukuyu Stars, kutoka wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya. Ilipanda daraja, na mwaka 1986, msimu wake wa kwanza kwenye ligi kubwa, ikawa bingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Mwaka uliofuata ikashuka. Wachezaji wake walikuwa wameshaonekana, klabu kubwa zikawachukua, na mji mdogo wa migomba na chai haukuwa na fedha ya kuwazuia. Ubingwa wenyewe ndio ulioivunja timu.

Turudi Kundi C. Msimu wa 2015/16 Daraja la Kwanza lilikuwa na timu 24 katika makundi matatu ya timu nane nane. Kila timu ilicheza mechi 14, na kinara wa kundi peke yake ndiye aliyepanda. Kundi C lilikuwa na Geita Gold, Polisi Tabora, Mbao, Rhino Rangers, Polisi Mara, JKT Oljoro, JKT Kanembwa na Panone ya Kilimanjaro. Panone kutoka Moshi ilipaswa kukata nchi nzima kwa basi kuja Kigoma, na Kanembwa kukata nchi nzima kwenda Moshi. Fedha za udhamini na za televisheni, ambazo kwenye Ligi Kuu angalau zililipia sehemu ya safari, huku chini zilikuwa kiduchu.

Sasa fikiria hesabu za siku ya mwisho. Juu kabisa kuna timu mbili zinazokimbizana kwa mabao, na nyuma ya mlango kuna Ligi Kuu: fedha za televisheni, udhamini, safari ya Simba na Yanga kuja kwenye uwanja wako na umati unaolipa. Chini kabisa kuna timu ambayo tayari imeshashuka. Haina pointi ya kuokoa, haina mshahara wa ziada wa kupoteza, na watu wake hawapo uwanjani. Mpangilio wa ligi uliziweka timu hizo uso kwa uso siku moja, saa ileile. Haukumwambia mtu yeyote auze mechi, na anayeuza mechi ana hatia yake mwenyewe. Lakini waliotunga ratiba na utaratibu wa kupanda daraja waliacha mlango wazi, na hilo hukumu ya Aprili haikuligusa.

Kuchezesha mechi za mwisho kwa wakati mmoja ni dawa iliyotokana na kisa cha Kombe la Dunia la 1982. Juni 25 mwaka huo, mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0. Matokeo hayo yalizivusha timu zote mbili na kuitupa nje Algeria, ambayo ilikuwa imecheza mechi yake siku moja kabla na haikuwa na la kufanya. Baada ya bao la mapema, timu zile zilipigiana pasi za kupoteza muda mpaka mwisho. Tangu hapo mechi za mwisho za kundi huanza kwa wakati mmoja. Dawa hiyo inafaa pale timu zinapotaka matokeo fulani tu, sare au ushindi. Zinapogombea tofauti ya mabao haifai kitu, maana mkononi mwa kila kiongozi aliyekaa benchi kuna simu, na kila bao linaloingia uwanja mmoja linajulikana uwanja wa pili kabla mpira haujarudishwa katikati.

Nigeria ilionja hilo miaka mitatu kabla ya Tanzania. Julai 2013, katika ligi ya ngazi za chini, timu mbili zilikuwa zikigombea kupanda kwa tofauti ya mabao. Plateau United Feeders iliifunga Akurba 79-0, na Police Machine ikaifunga Bubayaro 67-0. Hadi mapumziko zilikuwa zimefunga saba na sita. Mabao yaliyobaki yote yaliingia kipindi cha pili. Klabu zote nne zilifungiwa miaka kumi. Ukilinganisha, mabao manane ya Kundi C yanaonekana machache, lakini mtambo ulioyazalisha ni uleule.

Wengi walisema wakati ule kwamba adhabu ya TFF ilikuwa ndogo. Kwa upande wa waliohusika, huenda ni kweli. Lakini adhabu ya klabu huwaangukia pia watu ambao hawakuwepo. Kwa timu iliyokuwa ligi ya mkoa, njia ya kurudi ilikuwa ndefu: ilibidi kwanza kuwa bingwa wa mkoa, kisha kupita kwenye ligi ya mabingwa wa mikoa, ambako mabingwa wa nchi nzima walikusanywa kituo kimoja au viwili na kucheza mfululizo kwa siku chache, kisha Daraja la Pili, kisha Daraja la Kwanza. Hata kama mambo yangeenda vizuri, ilikuwa miaka kadhaa ya kugharimia safari bila udhamini. Mvulana wa Kibondo aliyekuwa na miaka kumi na mitano mwaka 2016 hakupanga matokeo ya mechi yoyote. Ila kufikia umri wa kucheza soka la ushindani, klabu ya jirani ilikuwa imerudi kucheza na timu za wilaya.

Timu iliyonufaika, Mbao, nayo ina kisa chake, na kinafaa kusimuliwa kwa sababu kina mkono wa Burundi ndani yake. Kama jina linavyosema, ilitokana na wafanyabiashara wa mbao wa Mwanza. Ilipoingia Ligi Kuu bila kutarajia ilimkabidhi kazi Etienne Ndayiragije, kocha Mrundi. Mei 2017 Mbao iliifunga Yanga 1-0 siku ya mwisho ya ligi. Yanga ikachukua ubingwa ikiwa na pointi 68 sawa na Simba, kwa tofauti ya mabao tu. Katika Kombe la Shirikisho Mbao ilikuwa imeshaitoa Yanga kwenye nusu fainali. Fainali ilichezwa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, na Simba ikashinda 2-1 katika muda wa nyongeza kwa penalti ya Shiza Kichuya, dakika zikiwa zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Timu iliyoingia kwa mlango wa kashfa ilikuwa karibu kabisa kuiwakilisha Tanzania kimataifa.

Kisha mambo yakafuata mkondo uleule wa Tukuyu. Ndayiragije aliondoka kwenda KMC mwaka 2018, baadaye Azam, na hatimaye Taifa Stars. Wachezaji waliong'ara walichukuliwa. Mwaka 2020 Mbao ikapoteza mechi za mchujo dhidi ya Ihefu na kushuka daraja. Wafanyabiashara wa mbao hawakuwa matajiri wa kiwango cha kushindana na wamiliki wa Dar es Salaam, wala hawakuwa na kambi yenye jiko.

Geita Gold ilijikusanya upya. Ikiwa mali ya halmashauri ya mji na kuungwa mkono na mgodi wa dhahabu wa GGML, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, safari hii bila utata. Ilimaliza ya nne, ikapata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Misimu miwili baadaye, mwaka 2024, ikashuka. Kwa miaka minane klabu moja ilifungiwa njia, ikafika kimataifa, ikarudi chini.

Na Stand United ya Shinyanga, "Chama la Wana", iliyozaliwa kwenye stendi ya mabasi, ilipata bahati ambayo klabu nyingine zingeiombea dua: kampuni ya madini ya Acacia iliingia kuidhamini kwa fedha nzito. Fedha zilipofika, wakazuka wenye timu wa pande mbili, wanachama upande mmoja na waliotaka iendeshwe kama kampuni upande mwingine. Mdhamini akajitoa mwaka 2016. Mwaka 2019 Stand ikashuka. Hapa umaskini hauwezi kulaumiwa. Klabu ilikosa katiba inayosema wazi timu ni ya nani, na mfuko ulipojaa ndipo pengo hilo lilipoonekana.

Visa hivi vinafanana kwa jambo moja. Kila klabu ilikuwa ikining'inia kwenye mfuko mmoja: kambi, shirika, mgodi, kikundi cha wafanyabiashara, halmashauri. Mfuko ukiwa mzima, timu inapanda kwa kasi ya kushangaza, kwa sababu ushindani wa ngazi za chini si mkubwa na mshahara unaolipwa kwa wakati unatosha kuwa silaha. Mfuko ukitoboka hakuna wa pili. Simba na Yanga pia zimewahi kufilisika mara nyingi, tena vibaya, lakini hazijawahi kufa kwa sababu mamilioni ya watu wanazihesabu kuwa mali yao, na daima hutokea mtu wa kutaka kuwafurahisha watu hao.

Kwa sasa Kigoma ina timu Ligi Kuu, na kwa mara nyingine ni ya jeshi. Mashujaa ilipanda mwaka 2023 baada ya kuishinda Mbeya City kwenye mechi za mchujo. Mbeya City yenyewe, mali ya halmashauri ya jiji, ndiyo iliyotikisa nchi msimu wa 2013/14 kwa kumaliza ya tatu katika mwaka wake wa kwanza. Aprili 2024 Mashujaa iliitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti, palepale Uwanja wa Lake Tanganyika. Uwanja huo ulishawahi kupokea fainali ya kombe hilo Julai 2021, Simba ilipoifunga Yanga 1-0 kwa bao la Thadeo Lwanga, wakati mkoa haukuwa na timu hata moja kwenye ligi kubwa. Mashabiki walijazana kwa ajili ya wageni. Siku ya Mashujaa walijazana kwa ajili ya timu yao wenyewe, na hiyo ni hatua.

Hatua hiyo bado haijafika nyanda za juu. Kutoka Kibondo hadi Lake Tanganyika umbali ni uleule uliokuwa wakati wa Kanembwa, hata kama lami imepunguza saa za safari. Kasulu ni mji wenye halmashauri yake, soko linalovuta wafanyabiashara wa mpakani, na idadi ya watu inayotosha kabisa kulea klabu. Kibondo nayo ina shule za sekondari ambazo kila mwaka hupeleka vijana kwenye mashindano ya UMISSETA. Vinavyokosekana vinatajika: uzio, vyumba vya kubadilishia nguo, eneo la kuchezea lililosawazishwa na njia ya gari la wagonjwa, yaani masharti ambayo uwanja lazima uyatimize ili ukubaliwe kwa mechi za kitaifa. Halmashauri za Mwanza, Mbeya, Geita na Kinondoni zimewahi kutenga fedha za kumiliki timu nzima, pamoja na makocha na usajili. Uwanja wenye uzio Kasulu au Kibondo ungegharimu mara moja, ungetumiwa na shule siku za wiki, na timu yoyote ya ukanda huo itakayopanda tena, iwe ya kambi au ya mtaani, isingelazimika kubeba mechi zake za nyumbani hadi ziwani.